Jiwe Lililofungwa Kamba

Kyoto, 3 Machi 1984

Mdogo wangu Teppei,

Salamu zikufikie huko kwenye theluji, wewe na mkeo Fumiyo. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Miplamu ya Kitano imechanua, na mabibi wa mikoani wameshaanza kushuka kwenye treni na kamera zao shingoni. Ngisi wakavu mliotuletea walifika salama. Baba alisema wamezidi chumvi, kisha akawamaliza peke yake.

Gari langu linakwenda. Huu ni mwaka wa tatu tangu niiache kampuni na kununua teksi yangu mwenyewe, na mpaka leo wapo wateja wanaofungua mlango, wakiona usukani umeshikwa na mwanamke wanaufunga. Siwabembelezi. Mji huu una mahekalu zaidi ya elfu moja, na vilima vyake vinajua kuwanyoosha wanaojifanya wana miguu. Nikizunguka mara moja nawakuta njiani, wamekaa kwenye ngazi za Kiyomizu wanajipepea, wananipungia mkono.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Mwezi wa kwanza Baba alipiga magoti kuokota majani kwenye kuvumwani, lile zulia la mimea laini ya kijani linalofunika bustani, kule upande wa bwawa, akashindwa kuinuka. Mtawa Jitsuen alimkuta mchana, amekaa palepale kama sanamu, na alipoulizwa akasema anatazama mlima. Walimbeba wawili. Tangu siku hiyo magoti hayakunjiki.

Wazee wa hekalu wamekaa kikao. Wanataka jina la mtu atakayeishika bustani ya Rokusui baada ya Baba, na wanalitaka kabla majani hayajageuka mekundu. Likikosekana, wataipa kampuni moja yenye malori na zile mashine za kupulizia majani. Unajua mashine ile inaifanya nini kuvumwani: inaing'oa kama nywele za mgonjwa. Vizazi vinne vya kwetu vimepiga magoti pale ili ule ukijani utambae mpaka kwenye mizizi, halafu aje kijana na bomba lake amalize kazi kwa asubuhi mbili.

Mtawa Jitsuen alikuja nyumbani, hapa pembeni ya bustani, kumwuliza Baba jina. Baba akasema, "Mimi nina mwana wa kiume." Basi, akanyanyua kikombe. Aliyekuwa anamimina hiyo chai ni mimi.

Njoo.

Dada yako,
Chizuru


Hakodate, 21 Aprili 1984

Dada Chizuru,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Barafu imeyeyuka na mashua zote zimekuja karakana kwa mpigo mmoja, kila nahodha anataka injini yake itazamwe kabla ya ya mwenzake. Fumiyo hajambo, anakusalimu sana, anasema ile kabichi ya kuchachua uliyotuma ameigawa kwa majirani na sasa wote wanadai nyingine. Upepo bado ni mkali. Ngisi hawajaanza kukaribia pwani, lakini mwaka huu wanatarajiwa kuwa wengi.

Mpe Baba pole ya magoti. Asikae kwenye unyevu.

Kuhusu lile jambo, naona mlioko karibu mlizungumze wenyewe. Mimi niko mbali, sijui hali ilivyo.

Mdogo wako,
Teppei


Kyoto, 5 Mei 1984

Mdogo wangu,

Salamu kwa Fumiyo, na kabichi nyingine inakuja. Sisi tumepita msimu wa maua ya cheri tukiwa hai, na hilo peke yake ni la kushukuru. Asubuhi Nanzen, mchana ile njia ya mfereji, jioni milango myekundu ya Fushimi, na kila abiria anataka kupigwa picha akiwa peke yake mahali ambapo watu mia tatu wamesimama.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani ukurasa mmoja umepotea. Ina mistari kumi na tano. Saba ya mashua, minne ya ngisi na upepo, miwili ya kabichi, mmoja wa magoti, na mmoja uliosalia ni wa kukimbia. Huo wa mwisho ndio niliokuwa nausubiri wiki saba.

Nikuchekeshe kidogo kwanza. Juzi nilileta bibi wawili kutoka Kyushu kuiona bustani yetu. Mmoja alipofika kwenye njia ya banda la chai akaliona lile jiwe la Baba, lile jekundu la mtoni, limefungwa kamba yake nyeusi msalaba kama kifurushi. Akaniuliza ni zawadi ya nani. Nikamwambia hapana, mama, hilo likiwekwa njiani maana yake hapa usipite, ndivyo tunavyosema huku bila kumkera mtu. Akafurahi sana. Nilipogeuka kidogo akalinyanyua, akalikumbatia, mwenzake akampiga picha, kisha akalitua alipoona panapendeza. Alilitua kwenye njia ya choo. Dada yako akiwa na gari kwenye maegesho, watu wa mji huu huu wakawa wanafika mbele ya choo, wanalitazama jiwe, wanainama kwa adabu, wanarudi. Mzee mmoja alikuwa amebanwa mpaka anatembea kwa vidole. Wageni wa mbali waliliruka tu, wakajisaidia, wakaenda zao.

Baba hakucheka nilipomsimulia. Alisema, "Walijua wanachofanya, wale waliorudi."

Sasa sikiliza. Kila nikimgusia habari ya jina, ananiambia Teppei hajasema hapana. Nikamwambia miaka tisa hajakanyaga hapa, hiyo si hapana? Akajibu, "Mtu asiyekuja hajakataa. Amechelewa tu." Huwa wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu ni kinyume: asiyekuwapo ndiye mwenye chake, na aliyepo anaosha vikombe.

Kwa hiyo sikuiti uje kuichukua bustani. Nakuita uje uikatae. Ukae mbele yake, useme kwa kinywa chako. Nauli ukikosa nitatuma.

Chizuru


Kyoto, 30 Juni 1984

Teppei,

Salamu zenu. Mvua zimeanza, kuvumwani inakunywa, imevimba, ukiitazama macho yanapoa. Mimi ndio sipoi. Abiria wachache, kwa hiyo nakaa kwenye gari mbele ya lango la hekalu na kuhesabu matone kwenye kioo.

Hujajibu. Jana alikuja mtu wa ile kampuni na kamba ya kupimia. Alipima kuanzia lango mpaka bwawani, akaandika. Baba alimtazama kutoka varandani, kisha akaniomba nimwekee chai yule mtu.

Nimeshindwa kulala vizuri. Andika hata neno moja, hata kama ni la matusi.

Chizuru


Hakodate, 19 Julai 1984

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kukusubirisha. Fumiyo alikuwa hospitalini siku chache. Ametoka, ni mzima, na mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda, tutakuwa watatu. Mwambie Baba ukiona inafaa.

Barua zako zote tatu ziko hapa mezani. Nimeziweka kwa mpangilio na nimeona kitu. Ya kwanza unasema njoo. Ya pili unasema njoo ukatae. Ya tatu umeshindwa kulala. Kote humo hujaniambia unataka nini wewe. Baba anataka mwana, wazee wa hekalu wanataka jina, kampuni inataka bustani. Wewe je? Mtu mwenye gari lake na wateja wake, majani ya hekalu yanamkosesha usingizi kwa nini?

Niambie hilo bila kuzunguka. Ukiniambia, nami nitakuambia kwa nini siji.

Teppei


Kyoto, 28 Julai 1984

Mdogo wangu,

Habari ya mtoto nimempa Baba wakati wa chakula. Aliweka vijiti chini, akauliza kama huko Hakodate kuna baridi sana mwezi wa kumi na mbili. Nikasema ipo. Akasema mtoto avalishwe fulana ya sufu tumboni. Nafikisha.

Umeniuliza. Haya.

Naitaka bustani. Nimeitaka tangu wewe hujui kutembea. Nilikuwa na miaka minane Baba alipokuwa anafunga lile jiwe jekundu, nikachukua kipande cha kamba na kokoto nikafunga langu pembeni. Akalitazama. Fundo lilikuwa limeelekea upande usio wake, kwa sababu mimi mkono wangu ni wa kushoto. Alilifungua, akanipa kokoto mkononi, kamba akaitia mfukoni. Wewe ulipofika umri uleule alikushika vidole, kimoja kimoja, akakufundisha. Ukalia kwamba kamba inachoma. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa karatasi nikitazama.

Nilipoona hivyo nikasema basi, nitatafuta changu. Nikaendesha gari la watu, nikala kelele za wenye kampuni, nikanunua langu. Nikawa nawaleta watu kuiona bustani ambayo mimi siruhusiwi kuifungia jiwe. Kuanzia Baba alipoanza kulalamikia magoti, kila alfajiri kabla sijawasha gari napita kwa mlango wa nyuma wa bustani, nang'oa magugu kwenye kuvumwani, nafagia, naondoka. Sijamwambia mtu. Baba anadhani ni Mtawa Jitsuen, na Mtawa Jitsuen anadhani Baba amepona.

Siwezi kumwomba Baba. Nimejinunulia kila kitu maishani, na hiki pekee hakiuzwi, lazima nipewe. Na hawezi kunipa wakati wewe bado "umechelewa".

Nimemaliza. Zamu yako.

Chizuru


Hakodate, 7 Agosti 1984

Dada,

Shikamoo. Asante kwa kuniambia. Kwa kweli nilikuwa najua, ila nilitaka uliandike.

Unakumbuka nilivyoondoka. Nilimwambia Baba sitazeeka nikiwa nimepiga magoti mbele ya majani, naye akasema mlango uko wazi kwa anayetoka. Nilikaa huku miaka miwili. Kisha nikaona ujinga. Ilikuwa Agosti kama hii, siku za kuwapokea wafu wetu, nikapanda treni bila kumwambia mtu. Nilinunua kaa wakavu njiani. Nilitaka nifike, niwashe ubani kwa Mama, nimwombe Baba radhi, nikae mpaka mioto iwashwe milimani kuwasindikiza wafu, nirudi.

Bustani ilikuwa imejaa watu. Ndio mwaka ule gazeti lilitoa picha ya bwawa letu. Nikapenya mpaka kwenye njia inayoingia nyumbani, pale inapoachana na njia ya banda la chai. Jiwe lilikuwa njiani. Njia ya nyumbani, Dada. Lile jekundu, na kamba mpya kabisa.

Baba alijua ningekuja siku kama zile. Hakuhitaji kunifukuza kwa maneno. Alinifundisha mwenyewe lile jiwe linasemaje, na mimi ni mtoto wa mji ule, sikuwa na haja ya kutafsiriwa. Nikainama, nikarudi stesheni. Kaa niliwapa watu niliokaa nao kwenye treni.

Kwa hiyo usiniambie nimechelewa. Nilifika, nikafungiwa.

Teppei


Kyoto, 11 Agosti 1984

Teppei,

Leo salamu zitasubiri mwisho wa barua.

Nilisoma barua yako ndani ya gari, mbele ya stesheni, na abiria wangu, mwalimu wa Nagoya, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, mdogo wangu ni mpumbavu. Akasema pole.

Lile jiwe jekundu lina mahali pamoja tu duniani, nalo ni njia ya banda la chai. Baba hajawahi kulitoa hapo tangu tuzaliwe. Njia ya nyumbani hajawahi kuiwekea jiwe lolote. Angekuwa anamzuia nani, muuza maboga? Na njia hizo mbili ziko karibu, mtu mzima anaruka kutoka hii mpaka ile. Na mwaka ule, umeandika mwenyewe, gazeti lilitoa picha, watu wakamiminika, watu ambao hawajui jiwe na kifurushi. Nilikuandikia mwezi wa tano jinsi bibi wa Kyushu alivyofunga choo, nikidhani nakuchekesha, kumbe nakusimulia habari zako.

Siwezi kuthibitisha. Sikumwona aliyelinyanyua. Ila naendesha watalii mwaka wa kumi na tatu, na nakuambia mikono ya watalii haitulii.

Sasa nikupe na la kwangu, maana miaka tisa nimekuhesabia kosa bila kukusomea hesabu. Siku ile Baba alikuona. Alikuwa dirishani. Kichaka cha azalia kinaficha njia, jiwe asingeweza kuliona. Alichokiona ni mwanawe amesimama, akainama sana, akageuka. Akaniambia, "Amekuja kuaga." Jioni alikula kidogo. Na asubuhi ya siku ile alikuwa amenituma kununua wali wa kibua, ule tunaokula sherehe tu, na alisema watu watatu. Nilidhani amesahau kwamba Mama hayupo.

Wewe ukasoma jiwe, yeye akasoma mgongo wako. Wote wawili mna adabu kupita kiasi, na mimi ndiye niliyebaki kuishi katikati ya adabu zenu.

Njoo. Ukikuta jiwe, liruke.

Salamu kwa Fumiyo, avae viatu vyenye joto.

Chizuru


Hakodate, 2 Oktoba 1984

Dada Chizuru,

Shikamoo. Nimefika salama jana kutoka huko kwenu, na Fumiyo amekula peremende zote ulizomtumia. Stesheni tuliagana haraka sana, polisi akikupigia filimbi uondoe gari, na sikupata kukusimulia yaliyotokea ndani ulipokuwa na abiria wako. Nakuandikia kama yalivyokuwa.

Nilipofika pale njia zinapoachana, jiwe lilikuwa kwenye njia ya nyumbani. Palepale. Sijui ni watalii au ni wewe, na nakuomba usiniambie. Nilisimama mpaka wanafunzi wa safari ya shule wakanipita pande zote mbili. Nikataka kuinama. Mgongo wenyewe ulikuwa umeshaanza. Nikaliruka.

Baba alikuwa varandani anamenya tunda la kaki. Hakushtuka. Akatazama miguu yangu, akatazama njia, akasema, "Huko kaskazini siku hizi watu wanaruka mawe?"

Nikasema nimeambiwa na Dada.

Akamenya mpaka akamaliza, akanipa nusu. Tukala. Akaniuliza habari za injini za mashua, zinatumia mafuta gani, na kama naweza kuishi kwa kazi hiyo. Nikamwambia naishi. Kisha akanikaribisha wali wa chai. Unajua kwetu mwenye nyumba akikutajia wali wa chai maana yake vaa viatu uende. Nusura nisimame. Nikakumbuka jiwe, nikasema asante Baba, nitakula. Alinitazama kama nimevua nguo. Akaenda jikoni kwa magoti yale yale, akatengeneza, akaleta. Nikala bakuli mbili. La pili alinijazia bila mimi kuomba.

Ndipo nikasema. Nilisema, "Baba, bustani sitaichukua. Sikuitaka nikiwa kijana na sasa nina kazi yangu na mtoto njiani. Mpe Dada."

Akasema dada yako anaendesha gari.

Nikamwambia mchana anaendesha gari. Alfajiri je, ni nani anayeng'oa magugu?

Nilidhani atasema ni mtawa. Akaitazama kuvumwani, akasema taratibu, "Anang'oa kwa mkono wa kushoto. Magugu yanalala upande huu. Naona kila siku."

Alikuwa anajua muda wote, Dada. Atafanya nini na kujua kwake, sijui. Hakuniambia.

Nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye azalia. Jiwe halikuwapo tena njiani.

Mdogo wako,
Teppei


Kyoto, 6 Novemba 1984

Mdogo wangu Teppei,

Hamjambo ninyi wawili na nusu? Sisi wazima. Fulana ya sufu ya mtoto imo ndani ya kifurushi. Ameinunua Baba, amechagua ya kubwa mno, usimwambie. Mlima umeanza kugeuka mwekundu kuanzia juu, na simu yangu haitulii: wote wanataka hekalu la Tofuku, wote wanataka leo.

Baada ya barua yako nilikaa mwezi mzima kama mtu aliyekalia kaa la moto. Baba hakugusia habari ya jina. Nilimimina chai, akanywa. Nikang'oa magugu alfajiri, na sasa najua ananitazama, mkono ukawa mzito kama wa mtu mwingine. Mtu wa kampuni alirudi na kamba yake. Mtawa Jitsuen akaja kunikumbusha kwamba kikao ni Jumapili, kana kwamba mimi ndiye nimefungwa mdomo.

Ijumaa alfajiri nilipofika kwa mlango wa nyuma nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na bwawa, amevaa koti la Mama. Miguuni pake jiwe jekundu, limevuliwa kamba, uchi kabisa. Nikapiga magoti mbele yake, akanitupia bunda la kamba mpya mapajani. Akasema ya zamani imeoza.

Nikamwuliza nifunge kwa mkono gani.

"Una mingapi?" akasema.

Nikafunga. La kwanza lililegea, nikafungua, nikaanza upya. Fundo likaelekea upande ule ule lilioelekea nilipokuwa na miaka minane. Akalichukua, akaligeuza, akalipima uzito kama mtu anayenunua boga. Nikasubiri alifungue. Hakulifungua. Alinirudishia, akaniambia nikaliweke, kwamba yeye hawezi tena kuinama na jiwe haliwekwi na mtu aliyesimama.

Jumapili aliwapa wazee jina langu. Mtawa anasema alilitamka mara moja tu na akaomba chai.

Teksi nabaki nayo. Asubuhi bustani, mchana gari, nimeshapanga. Jiwe nililiweka kwenye njia ya banda la chai, mahali pake, nikarudi nyuma kulitazama. Kabla ya saa sita, kijana mmoja wa Osaka alikuwa ameshalinyanyua, amepigwa nalo picha, amelitua kwenye njia ya nyumbani. Muuza maboga alisimama nje na mkokoteni wake, kofia mkononi, hathubutu kupita.

Nimelirudisha. Leo nimelirudisha mara mbili.

Dada yako,
Chizuru